Theluji Isiyoshikana

Dubai
21 Novemba 2008

Mdogo wangu Idd,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na mwanangu Sharifu. Sisi huku hatujambo. Mama naye Lushoto hajambo, ni goti tu. Nilimpigia asubuhi akaniuliza kama huko mlikokwenda kuna msikiti. Nikamwambia Wakirigizi ni Waislamu wenzetu, akatulia. Anamwambia mjukuu wake asile nyama ya farasi. Mimi nasema ale, kama ndiyo iliyopo.

Barua hii anaileta Gulnara, mama wa Kikirigizi anayekuja hapa sokoni Naif kila mwezi kununua nguo za jumla. Nilimkuta kwenye duka la mizigo anafunga marobota, nikamsikia akitaja Bishkeki. Kiarabu chake kibovu kama changu, tukaelewana. Anasema dereva anayewapelekea chakula kambini ni mtoto wa shemeji yake. Basi andika, mpe dereva, itafika. Simu za mkononi najua hazishiki huko juu, na ile ya setilaiti meneja wenu haruhusu mtu aiguse.

Sasa neno langu. Unamkumbuka Precious, yule Mganda anayesafisha vyumba hotelini Deira. Amesema aliona kwenye televisheni mlima mzima mweupe ukijikung'uta, na nyumba zilizokuwa chini zikapotea. Nikamwambia mwanangu theluji ameizoea, amefanya kazi na mjomba wake kwenye ule ukumbi wa theluji ndani ya duka kubwa. Akanijibu, "Ile ya dukani ina paa, mama Sharifu." Tangu hapo moyo wangu haujakaa.

Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima. Ni kweli? Sharifu ndiye pekee niliye naye, na nimemkabidhi kwako.

Dada yako,
Joha


Kambini, Kirigizistani
14 Desemba 2008

Dada yangu Joha,

Shikamoo. Barua yako ilikuja ndani ya gunia la vitunguu, nikaisoma na harufu yake. Tuko wazima. Sharifu amenenepa. Nyama ya farasi anakula, na Mama asiambiwe.

Umeuliza kama ni kweli. Ni kweli, lakini ngoja nikueleze, usichukue ya Precious peke yake.

Kampuni imetuwekea kiongozi, mzee wa hapa anaitwa Temir. Si mzee sana, ila jua la theluji limemkausha. Kiingereza chake ni cha kukatakata. Wiki ya kwanza alitupeleka mteremkoni, akachimba shimo mpaka yakaonekana majani. Ukutani mwa shimo theluji ilikuwa na matabaka, kila moja na siku lililoanguka na rangi yake. Akamwambia Sharifu avue glavu aingize mkono chini kabisa. Sharifu alitoa kiganja kimejaa chembe kavu kama chumvi ya mawe. Ukizifinyanga zinakupita vidoleni.

Temir akasema, "Hii ilianguka mapema, kidogo. Kisha anga likawa wazi, baridi kali, wiki kwa wiki. Baridi imeipika. Sasa haishikani na kitu."

"Itapona lini?" Sharifu akamuuliza.

"Mwaka huu labda isipone mpaka iyeyuke."

Maana yake, dada, theluji yote itakayoanguka baadaye itakaa juu ya chumvi hiyo. Itaonekana nzuri, imetandikwa kama kitanda cha harusi, na chini haina mshiko. Mtu mmoja akikanyaga pabaya, bamba zima linakatika na kuteremka naye. Ni kama shamba la mteremkoni kwetu lisilo na matuta: mahindi yamesimama, kumbe chini maji yameshapita.

Ndiyo maana tupo na Temir. Hapiti mtu mpaka achimbe, apige, asikilize. Na kila mmoja wetu anavaa kifuani kifaa kinachotoa mlio, akifukiwa wenzake wanamfuata kwa mlio huo. Wateja wa kuteleza thelujini wanatoka Dubai wiki kwa wiki, sisi tunawabebea, tunawapikia, tunawafungulia njia. Sharifu anateleza kwa zile mbao za miguuni vizuri kuliko mimi nilivyowahi kutembea. Temir anampenda.

Usihofu.

Mdogo wako,
Idd


Naif, Dubai
9 Januari 2009

Mdogo wangu Idd,

Nashukuru kwa barua. Umeniambia nisihofu baada ya kunieleza kila sababu ya kuhofu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa tangu utoto.

Huku kumepoa. Kreni zimesimama, watu wanarudi kwao. Mimi mzima. Kwa sasa nalala Naif kwa kina Precious, kuna mambo ya nyumba pale kwa madam ninakofanya kazi, si ya kuandika. Ukiandika, tumia duka lile lile la mizigo.

Habari kubwa ni ya heri. Hadijah, yule binti anayesuka saluni Karama, wazazi wake wamekubali posa. Mjomba wake aliyeko Sharjah ndiye aliyesimama. Wamesema Sharifu akishuka mwishoni mwa msimu tufunge ndoa, sherehe kubwa itafanyika Tanga baadaye. Hadijah ni mtoto mtulivu, ana maneno machache, na hayo machache anayapima. Alinipikia chai akaniuliza, "Huko juu analala wapi?" Nikasema hemani. Akaenda jikoni akakaa huko muda.

Basi msimu ukiisha umshushe. Arbab wenu, yule tajiri mwenye kampuni, akitaka kuwaongeza siku, wewe baki ukipenda. Yeye mshushe.

Joha


Kambini
30 Januari 2009

Dada Joha,

Shikamoo. Sharifu alipoisoma habari ya Hadijah alitoka nje ya hema bila koti akasimama tu. Temir akadhani amefiwa. Tulipomweleza akachinja kondoo.

Theluji imeanguka sasa kana kwamba inalipa mwezi mzima ambao haikuanguka. Upepo nao unaichota upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Juzi tulikuwa tunatembea tambarare, mahali pasipo na hatari, ghafla chini yetu pakatoa mguno mzito, kama mtu mnene kakalia godoro, na theluji yote ikashuka kidogo nasi juu yake. Temir aliinua mkono. Tukarudi nyuma kwa nyayo zetu wenyewe. "Ile chumvi imevunjika chini yetu," akasema. "Hapa ni tambarare, imetusamehe."

Tangu hapo amekataa. Makundi mawili ya wateja yamekaa kambini yakicheza karata na kurudi Dubai na hasira. Arbab anapiga kutoka ofisini Karama, meneja anamshikisha Temir simu, na sauti ya arbab tunaisikia mpaka nje. Anataka picha za mteremko mkubwa za kutafutia wateja wa mwakani, maana biashara inamfia. Temir anamjibu neno moja, "Bado," anarudisha simu.

Namwachia nafasi Sharifu, anataka kalamu.

Idd

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Mjomba anaandika kana kwamba mlima unatuvizia, lakini ungeuona asubuhi ungenyamaza. Mwambie Hadijah nimelala vizuri. Kingine nitamwambia mwenyewe. Mwanao, Sharifu.


Naif, Dubai
27 Februari 2009

Idd,

Salamu. Mama hajambo, goti limepungua. Hadijah anakusalimuni nyote.

Hii ni ya pili bila jibu. Gulnara amekuja juzi. Nilimngoja pale dukani, nikamwona anashuka kwenye teksi, naye akaniona, akageuka kuongea na mpakiaji. Nilipomfikia akanishika mikono yote miwili. Nikamwuliza barua. Akasema barabara ya kambini imefungwa, dereva hakupanda. Kisha akatoa kwenye begi chupa kubwa ya asali akanipa. Nikamwuliza ya nini. Akasema ya nyumbani kwao. Hakukaa kunywa chai, naye hunywa chai kila mara.

Nimeiweka juu ya kabati. Precious amejaribu kuifungua nikamkataza, na sijui kwa nini nimemkataza.

Nilikwenda Karama kwenye ofisi ya arbab wenu. Mlango una mnyororo. Mlinzi wa jengo anasema wameondoka usiku na kompyuta zao.

Andika hata mstari.

Joha


Kijijini, Kirigizistani
10 Machi 2009

Dada yangu Joha,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zimefika pamoja, barabara ilikuwa imefungwa kweli. Pole kwa kungoja. Pole na shida za nyumba. Mpe Mama salamu, na mwambie goti alikande kwa mafuta ya moto.

Mimi mzima. Tumeshuka kutoka kambini, kambi imevunjwa, meneja ameondoka na wateja. Mimi nakaa kijijini kwa mke wa Temir.

Temir amefariki, dada. Theluji ilimchukua mwezi uliopita. Tulimtoa tukamzika hapa kijijini, jeneza likabebwa na vijana wote wa bonde. Alikuwa mtu wa haki. Ameacha mke na mabinti. Nawasaidia kupasua kuni na kulisha mifugo, kwa kuwa hawana mwanamume sasa.

Huku baridi haijapungua. Theluji bado inaanguka. Gulnara ni mtu mwema, usimkasirikie.

Nitakuandikia tena.

Idd


Naif, Dubai
20 Machi 2009

Idd,

Nimeisoma barua yako mpaka Precious akaninyang'anya. Umemsalimu Mama. Umelisalimu goti la Mama. Umenitajia mke wa Temir, na mabinti wa Temir, na kuni zao, na mifugo yao. Gulnara pia umemtaja. Sharifu hukumtaja.

Mimi ndiye niliyemzaa. Hakuna atakayeweza kunificha, hata ukinyamaza vipi, maana kunyamaza kwako ndiko kulikonieleza.

Na mimi nilikuficha jambo, nalitoa ili usiwe na kisingizio. Sir, mume wa madam, alikimbia nchi kwa madeni mwezi wa kumi na mbili. Gari aliliacha uwanja wa ndege, na ufunguo ndani. Madam na watoto wakamfuata. Sina kazi, na sina kafeel wa kunidhamini kibali cha kukaa. Sikukwambia kwa sababu Sharifu angejua, angekazana kubaki huko msimu mzima kwa ajili yangu. Nilitaka ashuke aoe.

Sasa sema. Usitumie watu, usimtume Gulnara na asali. Niandikie kwa mkono wako, nitaisoma nimekaa chini, Precious na Hadijah wakiwa pembeni yangu. Usinifiche kitu hata kimoja.

Joha


Kijijini
2 Aprili 2009

Dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sharifu ametutoka.

Sikuandika kwa kuwa hatujampata. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshamlaza kaburini. Kila alfajiri nilisema leo, kisha ikawa mwezi.

Ilikuwa hivi. Dhoruba iliisha, zikaja siku za jua na utulivu. Walikuwepo wateja wawili, ndugu, watu wapole, hawakumlazimisha yeyote. Lakini meneja alisema bila picha za mteremko mkubwa hakuna kampuni tena, na hakuna wa kutupa tiketi za kurudi. Temir alipanda kwanza na mimi tu, akachimba. Alikata nguzo ya theluji, akaweka beleshi juu yake, akapiga kwa vidole, kwa kiwiko, kwa bega. Haikuvunjika. Nilikuwepo, niliona. Akasema, "Imetulia. Mmoja mmoja."

Ukingoni, kabla ya kuvuka, kifaa cha mteja mmoja kilikufa. Betri za akiba zilikuwa zije kutoka Dubai na hazikuja. Temir akasema turudi. Mimi nikaanza kufungua changu nimpe, lakini Sharifu alikuwa ameshavua chake, ameshamvisha. Akasema, "Mimi navuka nikiwa katikati ya macho yenu, mtaniona mwanzo mpaka mwisho." Temir aliutazama mlima, akatazama jua. Akakubali. Nimefikiri sana kuhusu kukubali kule. Nadhani alichoka kusema bado.

Temir alivuka akafika kwenye miamba ng'ambo, akapunga mkono. Sharifu akaingia. Pale Temir alipochimba theluji ilikuwa nene na ngumu. Karibu na miamba ilikuwa nyembamba, na penye wembamba ile chumvi iko karibu na mguu. Temir alisogea hatua ili amwone Sharifu vizuri. Nikasikia ule mguno. Ufa ulikimbia kutoka miguuni pake ukapanda mlima wote, mbali juu ya Sharifu, na mteremko ukaanza kwenda, mzima mzima, kama shuka likivutwa kitandani. Sharifu aliniangalia. Hakupiga kelele. Alijaribu kuteleza kwenda pembeni, na aliteleza vizuri, dada, kuliko nilivyowahi kumwona. Haikutosha.

Temir tulimpata kwa mlio, hakuwa chini sana, lakini alikuwa ameshakwenda. Wale ndugu wawili walichimba nami mpaka mikono ikatoka damu. Sharifu hakuwa na mlio. Wanakijiji walikuja na fito za chuma, tukasimama mstari tukichoma theluji, bega kwa bega, mpaka dhoruba nyingine ikaja ikafunika pote.

Nakwenda kila siku na ufito. Mke wa Temir ananifungia mkate. Sishuki mpaka nimpate.

Idd


Naif, Dubai
17 Aprili 2009

Idd,

Imefika. Nimeisoma nimekaa chini, kama nilivyosema. Hadijah aliisikiliza yote, akaomba aishike, akaangalia mwandiko wako bila kusoma. Amerudi saluni siku ya tatu. Anasema mikono ikikaa bure ndipo anapoumia.

Leo baada ya sala ya Ijumaa imamu alituombea ruhusa, wakamsalia sala ya ghaibu. Vijana wa Kitanzania, Wakenya, Wazanzibari wa Deira, hata Wasomali wa duka la mizigo walisimama. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Precious Mkristo alikaa ngazini nje mpaka tukatoka, na viatu vyetu mapajani.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nikiwa mbele yake. Nimekwenda mwenyewe uhamiaji nikaeleza habari ya kafeel aliyekimbia. Wamesema nitapewa karatasi ya kutoka, ningoje.

Sasa nakuamuru kama dada yako mkubwa. Shuka. Gulnara ameniambia majira haya jua linalowesha theluji na inaanguka mchana kutwa, hata bila mtu kuikanyaga. Mama ana mtoto wa kiume mmoja, na mimi nina ndugu mmoja. Mwache Sharifu alipo. Mungu anapajua.

Shuka, Idd.

Joha


Kijijini
7 Juni 2009

Dada yangu Joha,

Shikamoo. Nisamehe, sikukutii. Nilikwenda alfajiri tu, theluji ikiwa bado imeganda, jua likigusa ukingo narudi. Mke wa Temir alikuwa akisimama mlangoni kuhesabu kurudi kwangu kama mke wangu mwenyewe.

Tumempata. Kijito kilifunguka chini ya poromoko, theluji ikabaki kama daraja, ikadondoka, na binti mkubwa wa Temir aliyekuwa na mbuzi akaona kitambaa. Alikuja mbio akanishika mkono, akanivuta. Nilipofika nilimjua kabla ya kumfikia.

Ulisema nisikufiche. Uso wake ni mzima. Baridi ilimtunza. Mkono mmoja ulikuwa umekunjwa mbele ya mdomo na pua. Temir alitufundisha hivyo: theluji ikianza kusimama, weka mkono mbele ya uso upate pa kuvutia pumzi. Aliyofundishwa aliyafanya.

Tulimwosha mimi na imamu wa kijiji na wazee wawili. Mke wa Temir alitoa kitambaa cheupe alichojiwekea mwenyewe. Kijiji kizima kilitoka. Imamu aliuliza jina la baba yake, nikamwambia. Tumemlaza pembeni ya Temir, udongo ule ni mweusi, mzuri, wangeweza kupanda viazi. Wale ndugu wawili wametuma mtu na tiketi yangu. Nitashuka baada ya kuwavunia nyasi za mifugo.

Idd


Naif, Dubai
19 Juni 2009

Mdogo wangu Idd,

Salamu, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa kumsitiri mwanangu. Mshukuru mama yule kwa sanda. Mwambie nimesema sina cha kumpa kinacholingana nayo.

Ule mkono wa mdomoni ungeweza kuuacha bila kuniambia. Lakini nilikwambia usinifiche, basi sina pa kulalamika. Nimelala nao wiki nzima. Mtu aliyeweka mkono hivyo alikuwa bado anangoja kuchimbuliwa. Sikwambii ili uumie. Nakwambia kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumwambia. Hadijah nimemsomea barua, mstari huo nikauruka. Aliniuliza kama uso ulikuwa mzima. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akainuka. Wazazi wake wamepata mtu mwingine wa kumposa, na mimi nimemwambia akubali. Alilia hapo tu, kwa mara ya kwanza.

Karatasi yangu ya kutoka imetoka. Naondoka Jumanne. Precious ananisindikiza.

Mama ameshajua. Sikumwambia mimi. Mtu wa Karama alimpigia mtu wa Lushoto, na ya mjini hayakawii kufika kijijini. Shangazi Kuruthum anakaa naye. Anasema Mama alisikiliza, akasema mtoto asiye na kaburi hajafa, akaendelea kuchambua maharage. Sasa kila akisikia hodi mlangoni anaitikia, "Karibu Sharifu," na ananyanyuka na goti lile mpaka mlangoni. Kuruthum ameacha kumzuia.

Kaburi lipo, nitamweleza mimi, nikiwa nimemshika. Sijui kama ataamini.

Wewe ukija, usije jioni. Njoo asubuhi watu wakiwepo. Na ukifika mlangoni usibishe hodi. Taja jina lako kwanza.

Dada yako,
Joha